Baharia wa kusini, upande tanka lipi: la ghafi, la petroli, la gesi au lile lisilosafiri?

Kila kundi jipya likimaliza kozi DMI, kile chuo cha mabaharia pale Dar, na kurudi huku kwetu Mtwara, simu zinaanza. Mikindani, Chuno, Shangani, wengine Lindi mjini na Kilwa Masoko, swali lilelile tu, kaka nimesikia kuna nafasi ya tanka, niende nisiende? Mi huwa nauliza tanka gani, na hapo ndo watu wanashangaa, maana wao wanajua tanka ni tanka, limeli kubwa limejaa mafuta, basi. Kumbe yapo ya aina nyingi na maisha ya mle ndani hayafanani kabisa. Mwenzako anaweza kuwa anakula hela ya tanka na anaona mji kila wiki, wewe uko kwenye tanka mwezi wa saba sasa hujakanyaga udongo.

Niseme mapema, mi nimefanya kazi ya deki kwenye matanka ya ghafi (mafuta ambayo hayajasafishwa) na ya bidhaa (yaliyokwisha kusafishwa). Ya gesi na yale yasiyosafiri nayajua kwa wenzangu tuliosoma pamoja ambao wako huko, kwa hiyo usishangae nikikaa zaidi kwenye yale mawili ya kwanza.

Napima kwa vitu sita: kuingia kukoje, siku ya kazi inaendaje, nyumbani na nchi kavu utaviona kiasi gani, nini kinaweza kukuumiza, hela, na umri wa meli yenyewe. Hicho cha mwisho vijana hawakiulizi kabisa na kwa maoni yangu ndo kingetakiwa kuwa cha kwanza.

Tuyajue kwanza

La ghafi ninalozungumzia ni lile kubwa, wanaliita VLCC. Urefu mita 330 hivi, upana mita 60, na likishajaa linakaa ndani ya maji mita 20 na zaidi. Gati letu jipya la Mtwara lina mita 300, kwa hiyo hata ukiondoa meli zote za makaa ya mawe na korosho ukalipisha peke yake, bado kichwa kingebaki nje, na kina chenyewe hakitoshi. Linabeba mapipa milioni 2, ambayo ni kama lita milioni 318, yaani yale malori ya lita 40,000 yanayopandisha mafuta Songea ungehitaji karibu elfu nane kumaliza mzigo wa safari moja. Ndo maana huwezi kuliona hapa. Linapakia Ghuba ya Uajemi linaenda China, India, Korea, Japani, au linashuka mbali huko nje ya pwani yetu kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Na ukubwa huo una sababu yake. Mfereji wa Suez ulifungwa 1967 kwa sababu ya vita, ukafunguliwa 1975, miaka yote hiyo mafuta ya Ulaya yakawa yanazunguka Afrika nzima, wenye meli wakapiga hesabu wakaona njia ikiwa ndefu hivi bora meli moja kubwa kuliko ndogo tatu.

La bidhaa ni la mafuta yaliyokwisha kusafishwa: petroli, dizeli, mafuta ya ndege. Ya kawaida ni tani elfu 50 hivi, urefu mita 180 na kitu. Familia hii ndo inaingia mpaka bandari ya Mtwara kushusha, ukikaa upande wa Msangamkuu unaziona vizuri tu. Zipo kaka zao wakubwa pia, wale wanaofungwa kwenye boya la Mjimwema kule Kigamboni.

La gesi, LNG, linabeba gesi iliyopozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa maji na ujazo wake ukapungua kama mara 600. Mengi ya siku hizi yana mita za ujazo 174,000 na urefu unakaribia mita 300.

La nne ndo lile lisilosafiri, wanaliita FSO, na lile linalochakata mafuta palepale linaitwa FPSO. Mara nyingi ni tanka kubwa lililozeeka, likakarabatiwa, likafungwa minyororo karibu na visima vya baharini, linapokea mafuta yanayotoka chini na matanka mengine yanakuja kuchota. Lina kila kitu cha meli ila haliendi popote.

Kuingia

Msingi ni mmoja kwa yote. Kozi za usalama za STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia), cheti cha daktari, pasi, kadi ya homa ya manjano, kitabu cha baharia kutoka TASAC, wakala wa meli wa serikali (walioko Zanzibar wana mamlaka yao). Juu ya hapo ndo unaongeza cheti cha msingi cha tanka, na sikiliza vizuri hapa, vyeti ni viwili tofauti: kimoja cha mafuta na kemikali, kingine cha gesi ya kimiminika. Ukiwa na cha mafuta hakikupandishi LNG, na ukiwa na cha gesi peke yake hakikupandishi VLCC. Kijana anayetaka kuacha milango wazi achukue vyote, asianze kulia mbele ya safari.

Rahisi zaidi kwa anayeanza, kwa nilivyoona, ni bidhaa. Zipo nyingi, zina kazi nyingi, zinabadilisha watu kila mara, na kwenye ukanda huu wa Afrika Mashariki zinapita. Ghafi inafuata, ila hapo wanataka ulete tayari muda wa baharini, na makampuni makubwa ya mafuta yanatuma wakaguzi wao kukagua meli mpaka uzoefu wa mabaharia, kwa hiyo meneja hataki kujaza watu wasiojua. LNG ndo mlango mwembamba. Wanataka mtu aliyekwisha kufanya LNG, sasa utaipataje LNG kama hujafanya LNG, ndo hivyohivyo, wengi wanaingia kwa kampuni yenye meli mchanganyiko, wanaanza kwenye mafuta wanasogezwa. FSO nayo inataka fundi: mchomeleaji, fundi umeme, wa pampu, wa kreni. Baharia wa deki tupu anapata kwa shida, ila ukitoka VETA na uchomeleaji ulioiva halafu ukaongeza STCW na kozi ya usalama wa majukwaa ya baharini, unasikilizwa.

Na hili liko sawa kwa yote manne: mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza wakala kumtoza baharia hela ya kumtafutia kazi. Unajilipia daktari, pasi na kitabu chako, basi. Kuna mtu wa mtaani kwetu aliuza mikorosho ya urithi kumpa wakala fulani "hela ya nafasi", nafasi haikuja na mikorosho haikurudi. Akikwambia milioni tatu, kata simu.

Siku inavyoenda

VLCC baharini ni utulivu wa ajabu. Zamu ni masaa manne unafanya nane unapumzika, mara mbili kwa siku, wengine wanaofanya kazi ya mchana wako na sarahangi, yaani kiongozi wa mabaharia wa deki, wanagonga kutu, wanapiga rangi, wanatia grisi. Deki ni ndefu kiasi kwamba meli nyingine wanaweka baiskeli za kwenda mbele na kurudi. Ghuba mpaka China ni kama wiki tatu, na wiki tatu hizo ni bahari, kutu, chakula, usingizi. Mtu anayependa kusoma au kujifunzia mtihani wa uofisa hapa ndo kwake. Mtu wa stori na watu anaanza kuongea na vali.

Siku ya kupakia inabadilika. Mahosi yanapandishwa kwa kreni, yanaunganishwa kwenye midomo ya paipu katikati ya deki, bolti moja moja kwa mpangilio, na mafuta yanaanza kuingia taratibu halafu kwa kasi mpaka deki unaisikia inatetema chini ya buti. Siku moja na nusu hivi imejaa. Muda wote huo mle ndani ya tenki nafasi iliyobaki juu ya mafuta imejazwa gesi isiyoshika moto, ni moshi wa boila uliooshwa na kupozwa, ili oksijeni isizidi asilimia 8 na moto usipate pa kuanzia. Wakati wa kushusha kuna kingine ambacho wageni hawaamini, tenki linaoshwa kwa mafuta ghafi yenyewe, yanarushwa kwa presha kubandua uchafu ulioganda ukutani.

Bidhaa haina utulivu huo hata kidogo. Leo petroli, safari ijayo dizeli, baadaye mafuta ya ndege, na kila ukibadilisha mzigo tenki lazima lisafishwe maana mafuta ya ndege hayataki masihara. Mashine za kuoshea zinashushwa, maji ya moto, kukausha, kupuliza hewa, watu wanaingia na matambara na ndoo kukomba mabaki ya mwisho. Mnamaliza alfajiri, mkaguzi wa mzigo anakuja na tochi yake na kitambaa cheupe, anafuta ukuta, akiona rangi anasema hapana, mnarudia. Hapo mmelala masaa mawili na rubani wa bandari anakuja jioni. Sheria inasema baharia apumzike si chini ya masaa 10 kwa kila 24 na 77 kwa wiki, na kila meli ina karatasi ya kujaza masaa hayo, ila karatasi nyingine za bidhaa nilizoziona zilikuwa nzuri kuliko ukweli.

Ila bidhaa inafundisha. Mwaka mmoja pale unashika vali, pampu, sampuli, kamba na mahosi kuliko miaka miwili ya ghafi. Hilo siwezi kulificha hata kama mgongo bado unanikumbusha.

LNG wenzangu wanasema ni kama hospitali. Deki safi, kila kitu kwa utaratibu, mazoezi ya dharura mengi, maofisa wakali. Gesi yenyewe haina harufu, ile harufu ya mtungi wa nyumbani inaongezwa na watu. Kidogo kidogo inachemka yenyewe humo ndani hata uifungeje, na injini inaichoma kama mafuta ya kusafiria, kwa hiyo meli inakula mzigo wake taratibu njiani. Kitu kimoja ambacho jamaa yangu alinionyesha kwenye video: wakati wa kupakia, chini ya midomo ya paipu kuna maji yanamwagika mfululizo ubavuni mwa meli kama pazia. Kazi yake ni kwamba gesi ikidondoka isiguse chuma cha kawaida, maana chuma kile kikipigwa na baridi ya namna hiyo kinapasuka kama glasi.

FSO ni kazi ya fundi aliyeko kazini. Asubuhi mkutano, kibali cha kazi, unaenda kwenye paipu yako, mchana chakula, jioni umemaliza. Tanka la kuchota likija ndo pilika, siku mbili tatu, linaondoka mnarudi kwenye matengenezo.

Nyumbani na nchi kavu

Hapa ndo ndoa zinapopimwa. Mkataba wa mabaharia wa chini kwenye ghafi na bidhaa mara nyingi ni miezi sita mpaka tisa, na sheria haikuruhusu kukaa mwaka mzima mfululizo. VLCC inapakia kwenye boya au gati lililo mbali na mji, unaona taa za watu kwa macho tu. Kushuka ni nadra. Siku hizi meli nyingi zina intaneti ya setilaiti, unapiga video unaona watoto, ila kuona sio kuwepo.

Bidhaa unashuka, ila ni masaa machache, na kama zamu imekuangukia wakati wa kushusha mzigo basi mji unausikia kwa wenzako. Faida yake ni kwamba njia zake ni fupi, inaweza kuingia Mombasa, Dar, mpaka hapa hapa Mtwara, nimewahi kufungwa gatini nikiona nyumbani na sikupata ruhusa ya kushuka, sijui niiite faida au mateso.

LNG mara nyingi inatembea kati ya bandari zilezile kwa mikataba ya miaka mingi, kwa hiyo ratiba inatabirika, na mikataba ya mabaharia huwa mifupi kidogo kuliko ghafi. FSO ndo inawashinda wote kwenye kigezo hiki, wiki kadhaa kazini na wiki kadhaa nyumbani, unapelekwa kwa boti au helikopta. Mtu mwenye shamba Newala au Tandahimba anaelewa nachosema: salfa inapulizwa kwa wakati wake, na korosho zikianza kudondoka zinataka mwenyewe. Ukiwa VLCC unamtumia shemeji hela ya salfa na unaomba Mungu. Ukiwa FSO unakuja mwenyewe unasimama chini ya mkorosho. Misiba na jando nazo hivyohivyo, huku kwetu kutoonekana msibani mara tatu ni kesi.

Halafu ukumbuke 2020. Korona ilipofunga mipaka, mabaharia wanaokadiriwa kufika laki nne dunia nzima walikwama melini mikataba imeisha, na wakati huohuo bei ya mafuta imeanguka, VLCC kibao zikageuzwa maghala, zimesimama na mzigo tumboni miezi. Ghafi ndo inaumia zaidi mambo kama hayo yakitokea.

Kinachoweza kukuumiza

Watu wanaogopa moto. Moto upo, lakini kinachoua mabaharia wa matanka kimyakimya ni kuingia sehemu iliyofungwa: tenki, chumba cha pampu, nafasi kati ya kuta mbili za meli. Hewa nzuri ina oksijeni asilimia 20.9. Kipima gesi kikisoma chini ya hapo huingii, hata kama ofisa anakupigia kelele, hata kama mwenzako ameanguka mle ndani unamwona. Wengi wanaokufa ni wa pili, yule anayekimbilia kuokoa bila mtungi wa hewa. Na ghafi nyingine ina gesi ya salfa inayonuka kama mayai viza, ukiisikia unaogopa, ila ikizidi inaua pua kwanza, harufu inapotea unadhani imeisha, na hapo ndo iko nyingi.

Kwenye ghafi hilo ndo la kwanza, la pili ni kamba na waya, meli kubwa kamba zake zikikatika zinakata mtu. Bidhaa ina hayohayo pamoja na mara nyingi zaidi, maana unaingia tenki na kufunga gati kila baada ya siku chache, na petroli inatoa mvuke unaopenda cheche. Uchovu unaongeza kila kitu. LNG inaunguza kwa baridi, tone likigusa mkono nyama inakufa, lakini rekodi ya meli hizi ni nzuri kwa sababu ya ule ukali wao. FSO hatari yake ni uzee wa chuma, na kutegemea helikopta na boti.

Maharamia na vita havichagui sana. Novemba 2008 VLCC mpya kabisa, Sirius Star, ilitekwa mamia ya maili kusini mashariki mwa Mombasa ikiwa na mabaharia 25 na mapipa milioni 2, ikaachiwa Januari 2009. Bahari yetu hii hii. Bahari ya Shamu nayo, Januari 2024 tanka la bidhaa Marlin Luanda lilipigwa kombora likawaka, Agosti mwaka huo Sounion ikiwa na tani 150,000 za ghafi ikachomwa, watu wake wakaokolewa na meli ya kivita ya Ulaya. Kabla ya kusaini uliza njia, na kama ni eneo lililotangazwa la vita una haki ya kukataa kwenda, wakurudishe kwa gharama yao.

Hela

Kima cha chini cha kimataifa cha baharia kamili wa deki kwa 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi, mshahara mtupu, kama milioni moja na laki saba. Ukijumlisha ovataimu na malipo ya likizo inavuka dola elfu moja. Matanka kwa kawaida yanalipa juu ya meli za mizigo mikavu, na LNG juu ya mafuta. Ghafi na bidhaa zinakaribiana, tofauti iko kwenye kampuni kuliko kwenye mzigo. FSO inategemea fani yako, fundi mzuri anaweza kumpita baharia mbali, ila uulize unalipwa mwezi mzima au siku za kazini tu, maana wengine ukiwa nyumbani ni kapa.

Umri wa meli

Tanka lina maisha yake ya kazi, miaka 20 mpaka 25 hivi. Linaingia chelezoni kila baada ya miaka miwili na nusu au mitano, na likivuka miaka 15 makampuni makubwa ya mafuta yanaanza kulikwepa. Sasa hapo linaenda wapi? Lingine linauzwa kwa mwenye haraka ya hela, lingine linageuzwa FSO, lingine linapelekwa kuvuliwa chuma ufukweni Alang kule India, au Chattogram, Bangladesh. Tangu Juni 2025 kuna mkataba wa kimataifa unaodhibiti huko kuvunjwa.

Tanka refu kuliko yote lililowahi kuundwa, Seawise Giant, lilipita karibu hatua zote hizi. Limeundwa Japani, mita 458, 1988 ndege za Iraki zikalipiga mabomu karibu na kisiwa cha Larak likazama kwenye maji mafupi, likainuliwa, likatengenezwa, likawa Happy Giant, halafu Jahre Viking, tangu 2004 likawa Knock Nevis limefungwa Qatar kama ghala, mwisho likaishia Alang. Wengine hawakufika hata huko. Batillus ya Ufaransa ilianza 1976 ikiwa na tani zaidi ya laki tano na nusu, 1985 ikauzwa chakavu, kwa sababu bei ya mafuta ilipanda, watu wakapunguza matumizi, jitu halina mzigo.

FSO ndo ya kuangalia zaidi hapa. Kuna ile Safer ya Yemen, iliundwa 1976 kama tanka, ikageuzwa ghala, vita ikaiacha bila matengenezo tangu 2015, mpaka 2023 Umoja wa Mataifa ukahamisha mapipa milioni 1.1 kabla haijapasuka. Sio zote ziko hivyo, za makampuni makini zinatunzwa kuliko meli nyingi, ila lazima ujue unapanda nini.

LNG inazeeka kwa heshima zaidi na zilizopo baharini nyingi ni mpya. Bidhaa na ghafi ndo kuna lile kundi la meli kuukuu zinazobeba mafuta yaliyowekewa vikwazo, zinabadilisha jina na bendera kama kitenge, zinazima mtambo wa kuonyesha zilipo. Hata bendera yetu iliwahi kutumika, 2012 matanka ya Iran yalikutwa yamesajiliwa Tanzania mpaka serikali ikayafuta. Meli ya namna hiyo ikikwama, mwenyewe haonekani, bima haipo, na wewe umekaa nangani bila mshahara wala dizeli ya jenereta.

Dawa yake ni namba ya IMO, ile ya kuitambulisha meli kimataifa. Ni tarakimu saba, haibadiliki hata meli ibadili jina mara kumi. Mwombe wakala namba hiyo, ingia tovuti ya Equasis, ni bure, utaona mwaka iliyoundwa, mwenye meli, bendera, na mara ngapi imezuiwa bandarini. Wakala akisita kukupa namba, jibu umeshalipata.

Sasa wewe uko upande gani

Kama ndo unaanza, huna familia, mwili unao na unataka kujua kazi haraka, bidhaa. Mikataba miwili pale itakufungulia mengine yote. Chukua buti nzuri na usione aibu kulala kila nafasi ikitokea.

Kama unataka kusomea uofisa, au una lengo la kujenga na hutaki vishawishi vya bandari, ghafi itakutunzia hela na muda, ila ujijue moyo wako, mtu anayelemewa na upweke asijaribu kujiponya kwa VLCC.

Kama umri bado, kiingereza chako cha kazi kimesimama na una subira ya kufuata utaratibu mpaka kwenye kufunga kamba za buti, anza mafuta ukilenga LNG. Kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, kile kiwanda cha LNG kinachoelea, Coral Sul, kimeanza kutoa shehena tangu Novemba 2022, kwa hiyo meli za gesi ziko jirani. Mradi wa kiwanda cha LNG wa Likong'o pale Lindi mi ningekushauri uupende lakini usiupangie maisha, watu wa kusini tumeshajifunza ahadi za gesi zinavyotembea. Cheti chako cha gesi kinafanya kazi popote duniani.

Kama ni fundi tayari, una watoto wa shule na mikorosho, FSO au FPSO, hata kama kuipata itachukua muda. Angola, Nigeria na Ghana zinazo nyingi kuliko huku kwetu.

Na kama kuna mgonjwa nyumbani anayekutegemea wewe na hakuna wa kumwachia, hakuna hata moja kati ya haya manne kwa sasa. Bandari ya Mtwara msimu wa korosho inataka watu, meli za makaa zinataka watu, vyeti vya STCW vina miaka mitano. Vihuishe kabla havijaisha tu.